Machipukizi Katika Kompyuta ya Byabato

Asubuhi za Ijuganyondo huanza na ukungu. Hupanda kutoka ziwani, hupita kati ya migomba, na kuingia uani bila kubisha hodi. Edvina aliupenda ukungu huo. Aliamka, akawasha moto, akabandika ndizi na maharage. Kisha akatandaza kahawa yake kwenye mkeka. Aliigeuza kwa kiganja, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Kazi za uani zilipokwisha, aliingia sebuleni. Alifunua kitambaa cha kufuma, akaketi mbele ya kompyuta. Hakuiwasha. Aliitazama tu.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu mume wake, Byabato. Byabato alikuwa mwalimu. Alipostaafu alinunua kompyuta hiyo na kamera ndogo. Tangu hapo hapakuwa na harusi wala ubatizo uliompita. Alipiga picha za kuku. Alipiga picha za mvua. Alimpiga Edvina picha akimenya ndizi, mpaka Edvina akamwambia, "Mwalimu, nenda ukapige mtu mwenye meno yote."

Miezi kumi na moja iliyopita, Byabato alilala na hakuamka. Walimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Tangu siku hiyo Edvina alikuwa na ndoto moja. Ilimjia mchana, akisinzia kwenye kiti baada ya chakula. Alimwona Byabato akitembea mbele yake kati ya migomba. Majani yamelowa. Mwanga ni wa kijani, kama mwanga wa chini ya maji. Edvina anaita, "Mwalimu!" Byabato anasikia. Mabega yake yanaonyesha kwamba anasikia. Lakini hageuki.

"Nimeanza kusahau uso wake," Edvina alimwambia Joviana siku moja.

Joviana alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe Joackim. Joackim alifanya kazi Mwanza. Joviana aliishi hapo nyumbani na kufundisha chekechea.

"Mama, picha si zipo maelfu?"

"Za watu. Yeye ndiye aliyeshika kamera."

Ilikuwa kweli. Katika picha zote hizo Byabato alikuwa kivuli. Jua likiwa nyuma yake, kivuli chake kililala chini mbele ya watu, kichwa kimoja na viwiko viwili. Ilikuwepo picha ya kitambulisho, lakini humo alikaza uso kama mtu anayesubiri sindano.

Picha moja tu ilikuwa na uso wake wenyewe. Ilipigwa Pasaka yake ya mwisho. Dada yake, Alistidia wa Muleba, alimnyang'anya kamera akamwambia, "Leo na wewe uonekane!" Byabato akacheka, buni za kahawa zikiwa kiganjani. Edvina aliiona picha hiyo mara moja tu, kwenye kompyuta. Alitaka ichapishwe, iwekwe kanisani siku ya misa ya mwaka. Misa ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Lakini kompyuta ilikataa.

Kila Joviana alipofungua programu ya picha, picha zilianza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Harusi, mvua, kuku, watoto wenye matone ya maji ya ubatizo kwenye paji. Zilipita kama mto. Zilipokaribia Pasaka, ziliganda. Duara dogo likazunguka, likazunguka. Maandishi yakatokea katikati. Joviana akabonyeza haraka. Programu ikajifunga. Kioo kikabaki kitupu.

"Yamesema nini hayo maandishi?" Edvina aliuliza.

"Hata sijasoma, mama. Ni Kiingereza."

"Mtu akikusemesha mlangoni, unamfungia kabla hajamaliza?"

Joviana alicheka. Lakini kesho yake alibonyeza vilevile.

Ijumaa alikuja Gozbert, mtoto wa kaka yake Byabato. Gozbert aliuza kava za simu sokoni, na kwa sababu hiyo watu walimwita fundi. Aliitazama kompyuta, akaigonga ubavuni mara mbili, kama anayenunua fenesi.

"Mama mdogo, dawa yake ndogo. Tunaifomati. Inakuwa mpya, kama imetoka kiwandani leo."

"Na picha?"

"Picha... zitapatikana nyingine."

"Wapi?"

Gozbert akakuna kichwa. "Mama mdogo, mambo ya teknolojia yanataka moyo."

"Moyo ninao. Nisichokuwa nacho ni picha."

Hata hivyo Edvina alikuwa amechoka. Walikubaliana Gozbert aje Jumatatu na vifaa vyake. Alipoondoka, Joviana aliketi karibu na mama mkwe wake.

"Mama, kabla ya Gozbert, tumwite Chetna."

Chetna binti Ranjan alikuwa na duka mjini Bukoba. Zamani baba yake alikuwa na studio hapo hapo. Wazee wengi wa Ijuganyondo walipigwa picha za harusi kwa Ranjan, wamesimama mbele ya pazia lililochorwa mlima. Ndugu zake wengi walihama. Chetna alibaki. Sasa alichapisha picha na kutengeneza kompyuta. Kihaya alikizungumza kama aliyenyonya kwa Wahaya wa Buhembe. Byabato alikuwa mteja wake, na mtani wake.

Alikuja Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Edvina alikuwa ametandika nyasi mbichi sebuleni, kama afanyavyo kwa mgeni wa maana. Chumba kizima kilinukia mvua. Akamkaribisha kwa akamwani, buni za kutafuna, ndani ya kikapu kidogo.

"Kasinge, waitu," Chetna alishukuru. Akachukua buni mbili, akatafuna. Kisha akaigeukia kompyuta, akaguna.

"Mama Joackim, mgonjwa mnamfunika mpaka miguuni?"

Kitambaa cha kufuma kilikuwa kikubwa. Edvina alikifuma mwenyewe. Joviana akitumia kompyuta, walikifunua mbele tu, ili kioo kionekane. Nyuma na ubavuni kilibaki kinaning'inia.

"Ni kwa ajili ya vumbi," Edvina alijitetea.

Chetna aliiwasha kompyuta. Baada ya muda akasema, "Weka mkono hapa nyuma."

Edvina akaweka. Akautoa haraka, akamaka kwa Kihaya. "Mawe! Moto!"

"Hapo ndipo inapopumulia. Wewe ungelima umejifunika blanketi usoni? Ikizimwa, ifunike. Ikiwaka, ifunue yote."

Edvina akakikunja kitambaa, akakiweka mapajani. "Basi imepona?"

"Hayo yalikuwa mafua tu. Ugonjwa wenyewe bado."

Chetna aliizima kompyuta, akaiwasha upya. "Hatua hii msiidharau," alisema. "Mara nyingine mashine imechoka tu." Akafungua programu ya picha. Picha zikashuka, zikaganda. Maandishi yakatokea. Kidole cha Joviana kikaruka.

"Acha, Joviana! Hayo maandishi ni mgonjwa anasema panapouma. Lete daftari."

Joviana akaandika neno kwa neno. Chetna akawafafanulia. "Yamesema mambo mawili. Kwanza, nafasi ndani ya kompyuta imejaa. Pili, kuna faili moja ambalo programu inashindwa kulisoma."

"Gozbert anasema ifomatiwe," Joviana alisema.

Chetna akaacha kutafuna. "Kufomati ni kufuta kila kitu. Ni kuchoma shamba zima ili umwue panya mmoja. Anakuja lini?"

"Kesho."

"Mmpikie ndizi, ale, arudi kwake."

Edvina aliinama. Aliuliza kwa sauti ndogo swali lililomtesa wiki nzima. "Hiyo programu ikifa, picha nazo zinakufa?"

"Hapana, mama. Programu ni dirisha. Picha ni watu walio chumbani. Dirisha likikwama, watu wa ndani hawajafa. Ila ziko programu nyingine zinazohifadhi picha ndani yake zenyewe. Ndiyo maana tunakagua kwanza, hatuzing'oi ovyo."

Chetna akafungua folda moja. Picha za mwalimu zilikuwa humo, zimepangwa mwaka kwa mwaka. Edvina akashusha pumzi.

Chetna akatoa kwenye mkoba kisanduku cheusi kidogo kama sabuni. "Hii ni diski ya nje. Kabla ya kutibu, tunaweka akiba. Kila kitu kinakopiwa hapa. Tukikosea, tunarudi kwenye akiba."

Kazi hiyo ilichukua muda. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo kama konokono. Jua lilihama kutoka nyasi za mlangoni mpaka nyasi za chini ya meza. Nje, jani la mgomba lilichanika kwa upepo. Edvina aliusikia mchaniko huo kwa mbali, kama mtu aliye nusu usingizini. Alifikiri, maisha yote ya mwalimu yanapita kwenye uzi ule mwembamba. Harusi zote. Mvua zote.

Akiba ilipokamilika, Chetna alianza kukagua folda. Akakunja uso.

"Harusi ya Joackim ipo mara sita."

"Mara sita?" Joviana akashangaa. "Na mimi niliolewa mara moja!"

"Ubatizo huu, mara tano. Picha hii ya kuku, mara saba. Huyu kuku ni nani?"

"Alikuwa anataga sana," Edvina alisema.

Joviana akaeleza. Baada ya mazishi, kila ndugu aliyekuja aliogopa picha zisipotee. Kila mmoja alileta flashi yake, akamimina ndani kila alichokuwa nacho. Folda juu ya folda.

"Na hakuna aliyefuta zilizojirudia?"

"Niliwakataza," Edvina alisema. "Kwetu, kitu cha marehemu hakitupwi kabla ya misa ya mwaka. Hata mgomba wake haukatwi."

Chetna hakubisha. Alichukua buni nyingine, akaitafuna kwa utaratibu.

"Mama Joackim, shina la mgomba unaliachia miche mingapi?"

"Mitatu. Mama, mtoto na mjukuu. Hata mtoto mdogo anajua."

"Na machipukizi mengine?"

"Nayang'oa. Yakijaa yanasongana, na ndizi zinakuwa nyembamba kama vidole vyangu."

"Na ile migomba ya mwalimu huko nyuma? Tangu afariki hujang'oa chipukizi?"

Edvina alikuwa ameng'oa juzi tu. Aliinama pale pale kaburini, akang'oa machipukizi manne, akaona amemtunza mume wake.

"Kupunguza si kukata," alisema hatimaye, kama anayejijibu mwenyewe.

"Sasa kompyuta yako imejaa machipukizi."

Edvina alicheka mpaka kitambaa kikaanguka. Akavuta kiti mbele. "Nionyeshe pa kubonyeza. Nitang'oa mwenyewe."

Wakafanya pamoja. Chetna alizilinganisha picha, akahakikisha ni zile zile kabisa. Moja ilibaki, zilizojirudia zilikwenda. Edvina alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa heshima, kama anayeokota kitu kilichoanguka kanisani.

"Bado," Chetna alisema. "Ulizofuta zimeingia kwenye pipa la taka la kompyuta. Pipa lisipomwagwa, nafasi hairudi. Hakikisha umekagua, ndipo umwage."

Pipa likamwagwa. Nafasi ikarudi, karibu nusu nzima. Wakafungua programu tena. Picha zikashuka kwa kasi, zikafika Pasaka, zikaganda.

"Mawe!" Edvina alisema. "Pale pale!"

"Vizuri kwamba ni pale pale," Chetna akamtuliza. "Linabaki lile faili lisilosomeka, nalo limo kwenye folda ya Pasaka. Tutalitafuta kama maharage mabovu. Gunia likinuka, unafanyaje?"

"Naligawa mafungu mawili. Nanusa moja, nanusa jingine."

"Ndivyo."

Folda ya Pasaka ilikuwa na picha sitini na nne. Chetna alihamishia nusu yake pembeni. Programu ikaganda. Basi ubovu ulikuwa kwenye nusu iliyobaki. Akaigawa tena. Thelathini na mbili, kumi na sita, nane. Joviana alihesabu kwa sauti. Nne. Mbili. Moja.

Chetna akaifungua hiyo moja peke yake.

Juu palionekana anga. Palionekana ncha za migomba, na kipande cha kofia ya mkeka. Chini ya kofia hapakuwa na kitu. Picha yote ilikuwa kijivu, kijivu tupu, mpaka chini.

Edvina aliijua kofia hiyo.

"Ukungu umemfunika," alisema.

Chetna akauliza polepole, "Picha hizi zilipokuwa zinakopiwa, nani alichomoa flashi?"

"Mimi," Edvina alisema. "Gozbert alikuwa anazikopi, akatoka kupokea simu. Niliona kitaa kinawaka, nikaogopa kitaungua. Nilichomoa kama ninavyochomoa yai chini ya kuku. Haraka, asinidonoe."

"Picha ilikuwa njiani, mama. Nusu imefika, nusu imebaki. Na ile picha nzima iliyokuwepo ikafunikwa na hii nusu. Siku nyingine subiri imalize. Kisha bonyeza pale panaposema ondoa kwa usalama. Ikikuruhusu, ndipo uchomoe."

"Na kwenye hiyo flashi?"

Joviana alitikisa kichwa. Flashi ya Gozbert ilifutwa zamani, ikajazwa nyimbo.

Chetna aliiweka picha mbovu kwenye folda yake peke yake. Hakuifuta. Akarudisha zile nzima. Akatumia bando la simu yake kuipatia programu toleo jipya, maana ile ya mwalimu ilikuwa ya zamani. Wakaifungua. Picha zikashuka, zikapita Pasaka, zikaendelea mpaka mwisho. Haikuganda. Haikujifunga.

"Kompyuta imepona," Edvina alisema. "Mimi bado."

Chetna alikuwa anafunga mkoba wake. Akasimama. "Mama Joackim, mwalimu alikuwa anachapisha picha kwangu. Kila mtu aliyemo kwenye picha alipewa kopi, ya karatasi au ya flashi. Huyu aliyeipiga hii, hakupewa?"

Edvina na Joviana wakatazamana. Joviana akapiga simu Muleba, akaiweka sauti ya juu.

"Wifi!" Edvina akaita. "Kaka yako aliwahi kukupa kitu kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta?"

"Kile chekundu?" sauti ya Alistidia ilijibu. "Kimo kwenye kopo la rozari. Sikuijua kazi yake. Nilidhani ni filimbi, nikakipuliza wee, kimya. Ila kaka alisema nisikitupe, basi nimekiweka na Bikira Maria."

Chetna alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumatatu Gozbert alikuja na vifaa vyake. Edvina alimkalisha, akampakulia ndizi na senene. Alipoanza kula, akamwuliza, "Fundi, kabla ya kufomati, akiba umeweka wapi?"

Gozbert akameza. "Akiba gani?"

"Kula, mwanangu. Kula."

Jumatano Alistidia alifika kutoka Muleba, flashi nyekundu imefungwa kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili. Safari hii hapakuwa na Chetna. Joviana aliichomeka mwenyewe. Akakopi. Wakasubiri. Edvina alikalia mikono yake ili isifanye haraka. Kazi ilipokwisha, Joviana akabonyeza ondoa kwa usalama, kompyuta ikaruhusu, na Edvina ndiye aliyeichomoa. Polepole. Hata kuku asingestuka.

Kisha Joviana akafungua picha.

Kofia ya mkeka. Chini yake, paji la uso. Macho mawili yaliyofinywa na jua. Pengo la jino la pembeni, ambalo Edvina alikuwa amelisahau kabisa. Kicheko chote. Na kiganjani, buni za kahawa.

"Kumbe alikuwa na pengo upande huo," Edvina alinong'ona. "Mimi nilikuwa namkumbuka na pengo upande wa pili."

"Ndiyo maana hakugeuka," Alistidia alisema, maana aliijua ile ndoto. "Ulikuwa unamwita mtu mwingine."

Wakacheka, wakalia kidogo, wakacheka tena.

Chetna aliichapisha picha hiyo, kubwa, ndani ya fremu. Ilisimama kanisani siku ya misa ya mwaka. Watoto aliowafundisha, sasa watu wazima wenye vitambi, walipita mbele yake na kunyoosha migongo.

Tangu hapo picha za nyumba hiyo zinatunzwa kama shina la mgomba. Mama yuko ndani ya kompyuta. Mtoto ni diski ya nje, kabatini, mbali na jiko na watoto. Mjukuu yuko Muleba, kwenye kopo la rozari. Kila baada ya miezi mitatu Joviana huongeza picha mpya kwa wote watatu. Nyumba ya Ijuganyondo ikiezuliwa na upepo, mjukuu yuko salama kwa Alistidia. Na maandishi yakitokea kwenye kioo, Joviana huyasoma mpaka mwisho.

Jumapili baada ya misa, Edvina alikula, akaketi kwenye kiti chake. Kompyuta ilikuwa inawaka, imefunuliwa yote, inapumua. Kitambaa cha kufuma sasa kilikuwa chini ya fremu, mezani. Macho yake yakafumba.

Migomba ilikuwa imelowa. Mwanga ulikuwa wa kijani. Byabato alikuwa mbele, na kofia yake.

"Mwalimu!"

Akageuka. Pengo lilikuwa upande wake, kama pichani.

"Edvina," alisema, "kahawa umeianika nje, na mvua hiyo inakuja."

Edvina akazinduka. Nje, ngurumo ilitembea juu ya ziwa. Akasimama, akaitazama picha mezani, akatikisa kichwa.

"Nimesikia," alisema. Akatoka mbio za kizee kwenda kukunja mkeka.